Tochi ya Balbu Mia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jaha alikuwa na kazi tatu: kufagia mbele ya duka la nafaka la mama yake, kumsaidia kutoa magunia barazani, na kumvalisha viatu mdogo wake Mrisho, aliyekuwa darasa la awali. Kazi zote tatu alizifanya, lakini alizifanya huku amebenua mdomo. Mtaani kwao Soweto, jijini Mbeya, majirani walisema mdomo wa mtoto yule haujakaa sawa tangu siku aliposhika nafasi ya kwanza darasa la tano. Sasa alikuwa darasa la saba na mdomo ulikuwa umezidi kupinda.

Kitu alichokidharau kuliko vyote ni chupa ya chumvi. Mama yake, Batuli, hakununua mahindi bila chupa ile. Alitia humo punje za mahindi, akaongeza chumvi kavu kidogo, akafunga kifuniko na kutikisa, kisha akaiweka chupa chini na kungoja. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji, na muuzaji anaambiwa arudi nayo kwake akayaanike. Chumvi isipoganda, biashara inaendelea.

"Mama, sisi tuko karne ya ngapi?" Jaha aliuliza asubuhi moja, mbele ya wateja.

"Karne ya watu wanaokula," mama akajibu, akaendelea kutikisa.

Baba yake, Shamsudin, aliyekuwa fundi wa mafriji, alifariki mwaka uliotangulia, wakati wa mvua za Machi. Nyumbani hawakumtaja sana. Kofia yake ilibaki imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, na wote watatu walikuwa wamejifunza kuufungua mlango ule taratibu, ili kofia isianguke.

Wiki ile shule yao ilitarajia magunia ishirini ya mahindi kutoka Nyololo, kwa ajili ya uji wa watoto wa awali na makande ya madarasa ya juu. Mwalimu Tusekile, mlezi wa klabu ya afya, aliwakusanya wanachama chini ya ukuta wa jiko.

"Mmesikia habari za sumukuvu?" aliuliza. "Ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa mbichi. Huharibu ini, na huwaumiza zaidi watoto wadogo. Afisa kilimo atachukua sampuli apeleke maabara. Majibu yatachukua wiki mbili. Wakati tunangoja, tutachambua kwa mkono, punje kwa punje."

"Kwa mkono!" Jaha, mwenyekiti wa klabu, alicheka kwa puani. "Mwalimu, hiyo ni kazi ya mabibi. Siku hizi kuna tochi za mwanga wa zambarau. Nimeona kwenye video. Unamulika, sumu inawaka yenyewe."

"Nimesikia habari zake," mwalimu akasema polepole. "Lakini nasikia ziko za aina nyingi. Ipi ndiyo?"

"Mwalimu, tochi ni tochi. Kubwa ndiyo nzuri."

"Haya, Profesa," akasema Zabron, aliyekaa nyuma yake. Wenzake wakacheka. Jaha hakugeuka. Kwa maoni yake, Zabron hakustahili shingo ya kumgeukia.

Jioni alimweleza mama yake. Batuli akaenda chumbani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na vitu vya marehemu vilivyofungwa kwa kitambaa. Akatoa tochi ndogo nyeusi, fupi kama kidole gumba, yenye balbu moja na kioo cheusi mbele.

"Hii ya baba yako. Alitafutia gesi inayovuja kwenye mafriji. Alikuwa anatia rangi fulani kwenye mfumo, halafu anamulika, pale panapovuja panang'aa. Na siku moja humu dukani ali—"

Jaha alikuwa ameshaibonyeza. Ukutani kulitokea doa hafifu, kama vile moshi. Akaimulika miguu yake, akaimulika dari.

"Hii? Hii hata paka humwoni! Imekufa hii, mama. Kioo chenyewe cheusi, mwanga utapita wapi? Nikipeleka hii shule watanizomea mpaka nihame."

Mama hakumalizia alichotaka kusema. Aliichukua tochi, akaifuta kwa ncha ya khanga ingawa haikuwa na vumbi, akairudisha kwenye kopo.

Siku iliyofuata Jaha alichukua hela zake za sikukuu akaenda kwa Clement, fundi simu mwenye kibanda karibu na stendi. Clement aliuza pia makava, chaja na tochi. Aliyomwonyesha ilikuwa ndefu kama kiganja cha mtu mzima, yenye balbu mia zilizopangwa kama punje kwenye gunzi. Alipoiwasha, kibanda kizima kiligeuka zambarau.

"Mimi naitumia kukaushia gundi ya vioo vya simu," Clement alisema. "Na dada zako wa saluni wanakaushia kucha."

"Inaonyesha sumu kwenye mahindi?"

Clement, ambaye hakuwahi kumulika hindi hata moja maishani mwake, hakusita. "Inaonyesha kila kitu, mdogo wangu."

Ubavuni pa tochi palikuwa pameandikwa 395. Jaha aliiona ile namba. Akadhani ni ya kiwanda tu.

Mahindi yalifika Alhamisi mapema asubuhi. Aliyeyaleta ni mkulima mwenyewe, Mama Severina, mwanamke mrefu aliyevaa koti la mvua na mabuti yenye tope hadi magotini. Turubai la lori lilikuwa limechanika njiani, karibu na Igawa, mvua ikapiga magunia ya juu, na lori likakwama huko siku nne.

"Kamwene, mwalimu," alisalimu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye gunia moja. "Hili limelowa. Mengine nimeyapapasa yote, ni makavu. Hili nimelifunga uzi wa kijani ili lisichanganyike. Msilipike. Nimelileta tu ili hesabu yenu itimie muone sikuwaibia, lakini nitawaletea jingine."

Alisema Kiswahili cha Kibena, cha kuvuta maneno. Jaha alimtazama mabuti, akamtazama uzi wa kijani, akabenua mdomo. Mtu anapima mahindi kwa kupapasa!

Saa nne asubuhi, klabu iliingia stoo. Walifunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia tupu, giza likaingia. Jaha akawasha tochi yake.

Stoo ililipuka kwa zambarau. Soksi nyeupe ziliwaka, kola za mashati ziliwaka, meno ya Zabron yaliwaka. Watoto walipiga kelele kwa furaha, na Jaha akamgeuzia Zabron tochi usoni.

"Usimmulike mwenzako machoni!" Mwalimu Tusekile akamkemea. "Mwanga huo unadhuru macho." Mara mtoto akaja kumwita ofisini. "Endeleeni na magunia mengine," alisema akitoka. "La uzi wa kijani msiliguse mpaka nirudi."

Jaha alipitisha tochi juu ya magunia. Ghafla, kwenye shavu la gunia moja, palitokea madoa meupe yenye kung'aa sana.

"Sumu!" akapiga yowe. "Mnaona? Sumu hiyo!"

Mama Damari, mpishi wa shule, alikuwa ameingia mwalimu alipotoka, akasimama kando ya mlango. Akaja, akagusa doa, akanusa kidole. "Hii sabuni ya unga, mwanangu. Nimefulia aproni hapa asubuhi, imerukia gunia."

"Mama Damari, wewe pika. Sayansi tuachie sisi."

Mama Damari akafuta kidole kwenye khanga, akatoka.

Wanachama walianza kunong'ona. Zabron alijipaka mate kwenye shati ili aone kama yatawaka. Jaha aliona heshima yake inayeyuka. Akaenda kwenye gunia la uzi wa kijani, lililokuwa karibu na mlango, akafungua, akamulika ndani. Punje zote zilikuwa zambarau, sawasawa na za magunia mengine yote, sawasawa na ukuta, sawasawa na mkono wake.

"Safi!" akatangaza. "Halina kitu. Yule mama wa mabuti hajui lolote."

Akachota punje za kujaza kiganja, akazitia mfukoni ili akamwonyeshe mama yake na chupa yake. Halafu, wenzake walipokwisha kutoka, akafanya jambo jingine. Hakutaka mwalimu akirudi ajue kwamba amelifungua, na fundo la Mama Severina hakuweza kulirudisha lilivyokuwa. Aliufungua uzi wa kijani wote, akauviringisha, akautia kwenye soksi, na gunia akalifunga kwa kamba ya katani kama mengine. Akatoka, akamwambia Mama Damari, "Klabu imeshapima. Chukua popote."

Mwalimu alichelewa kwenye kikao hadi kengele ya kwenda nyumbani ikalia.

Alasiri Mrisho alirudi anarukaruka. "Kesho tunakunywa uji wa mahindi mapya! Mama Damari amesema sisi wadogo ndio tutaanza. Amechota gunia la mlangoni, anapeleka mashineni."

Jaha alijua gunia la mlangoni ni lipi. Lakini mdomo ukamsaidia kama kawaida. "Nimeyapima mimi mwenyewe," akasema, akamwaga zile punje mezani mbele ya mama. "Haya, tikisa na hiyo chupa yako tuone."

Batuli akaileta chupa. Alitia punje kwenye chupa, akatia chumvi, akatikisa, akaiweka juu ya meza. Waliingojea. Mama alipoinamisha chupa, chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo pande zote. Akachukua punje moja, akaiuma kwa jino. Haikulia. Ilibonyea.

"Chumvi!" alisema Jaha, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Chumvi inajua nini kuhusu sumu?"

"Chumvi inajua maji tu," mama akasema. "Haijidai kujua zaidi. Njoo."

Alitwanga punje kidogo kwenye kinu, zikapasuka vipande. Akachukua kopo la biskuti, wakaingia kibanda cha nyuma ya duka, kile kisicho na dirisha, akafunga mlango. Akamvalisha Jaha miwani ya njano ya baba yake. Ilikuwa kubwa, ikamteleza puani. Yeye mwenyewe aligeuza uso pembeni, akaielekeza tochi ndogo chini kwenye sinia.

Mwanzoni Jaha hakuona kitu. Sinia lilikuwa jeusi na tochi ilikuwa kama haijawashwa. Kisha, katika lile giza ambalo tochi haikulivuruga, vipande vitatu vya mahindi vilifungua macho. Viling'aa kijani cha manjano, kwenye mpasuko, palepale ambapo ukungu hupenda kujificha. Kisha akaona cha nne, na cha tano.

"Washa yako sasa," mama akasema.

Jaha aliwasha ya balbu mia. Kibanda kikajaa zambarau, na vile vipande vitano vikapotea. Alizima, vikarudi. Akawasha, vikapotea.

"Siku ile ulinikatisha," mama alisema gizani. "Baba yako alikuwa anatafuta tundu kwenye friji yetu ya dukani. Mwanga ukaangukia gunia la mahindi yaliyopasuka, akaona hivi. Hakukaa akijisifu. Alimwuliza bwana shamba, akaambiwa mwanga huu hauthibitishi sumu, ila unakuambia simama kwanza. Tukasimama. Gunia lile hatukuliuza."

Jaha hakungoja. Alivua miwani, akamkabidhi mama kwa mikono miwili, akakimbia.

Mashine ya kusaga ilikuwa jirani na shule. Alipofika, ilikuwa inanguruma, na kwenye foleni walisimama watoto na vifuko vya mahindi ya nyumbani, Zabron akiwa mmoja wao. Mama Damari alikuwa ameinua debe, amelielekeza kwenye mdomo wa mashine. Jaha alipiga kelele, lakini mashine ilimeza sauti yake. Akajipenyeza, akalishika debe kwa mikono yote miwili, punje zikamwagika miguuni pao.

"Wewe mtoto una wazimu?" Mama Damari akafoka. Mwenye mashine akazima mtambo. Kukawa kimya, na kila mtu akamtazama Jaha.

"Profesa," Zabron akasema, "si umesema safi?"

Jaha angeweza kusema kwamba mwalimu ndiye aliyemtuma, au kwamba uzi ulikatika wenyewe. Yote mawili yalimjia. Akainama, akautoa uzi wa kijani kwenye soksi yake, akaunyoosha mbele yao.

"Si safi. Hili ndilo gunia lililolowa. Nililifungua mimi nikasema safi, kwa sababu sikutaka mjue kwamba tochi yangu haijui kitu, kisha nikauficha uzi."

Mama Damari alishusha debe polepole. Aliutazama uzi, akamtazama Jaha kuanzia unyayo hadi utosi. "Kumbe sayansi yenyewe ilikuwa taa ya disko," akasema. "Na mimi nilikuwa nakwenda kuwanywesha watoto wa watu."

Hakuna aliyecheka, hata Zabron.

Kesho yake asubuhi, watoto wa awali walikunywa uji wa mchele ulioazimwa kutoka kwa wazazi. Mwalimu Tusekile aliita klabu, Batuli, na Mama Severina, aliyekuwa amelala kwa dada yake mjini. Walifunga mlango wa stoo, wakapima upya kwa tochi ndogo, kila gunia wakichukua punje za juu, za kati na za chini. Punje zilizowaka zilitoka kwenye gunia lililolowa peke yake. Hata hivyo mwalimu akaamuru magunia yote yangoje maabara.

"Kuna mahindi yanayong'aa bila kuwa na sumu," aliwaeleza, "na kuna yenye sumu yasiyong'aa. Tochi inatuambia tuangalie wapi. Inayohukumu ni maabara."

"Basi hilo bovu tumpe mama wa komoni apikie pombe," Mama Damari akashauri, kama inavyosemwa siku zote. "Au kuku."

"Ndivyo tunavyokosea," akasema mwalimu. "Sumukuvu haifi kwa moto wala haipotei kwenye pombe. Ukimpa kuku, inakurudia kwenye yai. Litafukiwa."

Jaha akasogea mbele ya Mama Severina. Aliyatazama yale mabuti tena. Tope lilikuwa limekauka.

"Shikamoo, mama. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Mama Severina aliupokea uzi wa kijani kutoka kwake. "Mwanangu, pale Igawa nilishuka kwenye tope, mvua inanipiga, nikalipapasa gunia moja moja mpaka nikalipata lililolowa. Uzi ule nimeuchomoa kwenye sweta langu. Wewe ukaufungua kwa vidole viwili." Akamrudishia ule uzi. "Kaa nao. Nimekusamehe, lakini kaa nao."

Batuli akalifungua kopo la biskuti mbele ya watoto, akavipanga vitu vya marehemu juu ya gunia. Zilikuwa tochi mbili na taa moja, na kila moja ilikuwa na kipande cha plasta chenye mwandiko wa kulala wa Shamsudin. Zabron ndiye aliyesoma kwa sauti, na mwalimu akaeleza kwamba namba za mwanzo ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga wa tochi.

Ile nyeusi: *365. Rangi ya friji, mahindi, noti na vitambulisho. Gizani tu. Vaa miwani.*

Nyingine, iliyofanana na ya Clement ila ndogo: *395. Gundi na kucha. Usiiulize kingine.*

Ya tatu ilikuwa bomba fupi la kioo, limefungwa kwa tabaka nyingi za gazeti: *Ya kuua vijidudu. Inaunguza macho na ngozi. Si ya mtoto wala ya mkubwa mjinga.*

Watoto walicheka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Batuli naye akacheka, akajifuta macho kwa khanga.

"Baba yako alikuwa na dharau kama wewe," alimwambia Jaha. "Usidhani umeiokota barabarani. Lakini yeye aliwadharau wanaojidai kujua, na kila siku alianza na nafsi yake. Wewe umeidharau chumvi, ukamdharau Mama Damari, ukamdharau mkulima na jasho lake. Wote hao walikuwa wanajua kitu kimoja kimoja, na kila mmoja alikuambia. Yeye alikuwa akisema, tochi inayojionyesha yenyewe haikuonyeshi kitu. Chagua chombo kwa kazi yake, wala usikichague kwa kelele zake. Na ukikosea, fungua mdomo mapema, kabla mashine haijaanza kusaga."

Jaha aliitikia kwa kichwa. Mdomo wake ulikuwa umekaa sawa, na ulionekana mdogo kuliko watu walivyozoea.

Alasiri ile, baada ya kufagia, alikata kipande cha plasta, akakibandika kwenye tochi yake ya balbu mia. Alifikiri sana aandike nini. Mwisho akaandika neno moja, *Gundi*, kwa mwandiko wa kulala. Akaifunga kwa uzi wa kijani, akaiweka kwenye kopo kando ya zile nyingine. Kisha akaufungua mlango wa chumba taratibu, akalirudisha kopo mahali pake, chini ya kofia.